Sina mtu wa ndani: je, nitume tena ombi la uanagenzi serikalini?

SWALI: Hujambo mshauri. Nilihitimu mwaka juzi, shahada ya takwimu, daraja la pili la chini. Naishi Kayole kwa shangazi na nahudumu katika duka la M-Pesa. Mwaka jana nilituma ombi la uanagenzi kwa PSC, yaani Tume ya Utumishi wa Umma, sikusikia lolote. Rafiki yangu ananiambia bila mtu wa ndani ni kumaliza bando bure. Kuna jamaa anataka nimtumie 15,000 aniweke kwenye orodha. Tena, tangazo lilisema mwombaji asiwe na tajriba ya kazi aliyoisomea, na mimi niliwahi kukusanya data ya utafiti kwa wiki tatu. Nifiche? Halafu jina langu kwenye cheti cha KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, halifanani kabisa na la kitambulisho. Na nikibahatika, niache kazi ya duka lini? – Mhitimu, Kayole

JIBU: Binti yangu, tuanze na huyo jamaa wa 15,000, kwa sababu huyo anaweza kukuumiza hata kabla tangazo halijatoka.

Wewe umesoma takwimu, utanielewa upesi. Jamaa kama huyo hahitaji kumjua mtu yeyote Harambee Avenue, zilipo ofisi za Tume. Anachohitaji ni wahitimu ishirini waliotuma maombi na wenye hofu kama yako. Kila mmoja anamtumia pesa. Tume inachagua watu wake kwa taratibu zake, na katika wale ishirini wawili wanaitwa, kwa sababu tu walistahili. Hao wawili watamsifu mjini kote: "Jamaa ni wa ukweli, mimi aliniingiza." Wale kumi na wanane atawaambia bajeti ilipunguzwa, wasubiri awamu ijayo, au atabadilisha laini. Hajainua kidole, na amekula. Nilikaa ofisi ya rasilimali watu katika wizara moja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana walikuwa wakija kaunta yetu wakitaja majina ya "maafisa" ambao hawajawahi kuwepo katika jengo lile.

Matangazo ya Tume ya Utumishi wa Umma husema wazi kwamba haitozi ada yoyote kwa ombi wala kwa nafasi. Na ujue pia kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana kosa kama anayepokea. Ukimtumia, huwezi hata kwenda kulalamika bila kujishtaki. Zihifadhi jumbe zake, na ukiwa na moyo zipeleke EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre, Valley Road. Huna moyo? Basi mzuie kwenye simu na ulale.

Sasa huyo rafiki yako. Sitakudanganya kwamba kujuana hakupo Kenya, nawe hungeniamini. Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisoma kama kujuana na kumbe ni sheria. Ibara ya 232 ya Katiba inataka uajiri wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mtu, na papo hapo inataka jamii zote za Kenya ziwakilishwe, wanaume na wanawake wapate nafasi sawa, na watu wenye ulemavu wasiachwe nje. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 nayo inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kwa hiyo mwenzako wa darasani mwenye alama za chini anaweza kuitwa nawe ukaachwa, kwa sababu yeye ametoka kaunti ambayo waombaji wake ni wachache. Inauma, lakini si hongo. Na ndiyo maana fomu inakuuliza kabila na kaunti ya nyumbani. Jaza ukweli. Nimewahi kuona mtu aliyeandika kaunti ambayo hajawahi kukanyaga akidhani anaicheza mfumo, kisha kitambulisho chake kikamwanika mchana kweupe, maana kinaonyesha wilaya ya kuzaliwa.

Daraja la pili la chini lisikutie kiwewe. Matangazo ya uanagenzi niliyoyasoma yaliomba shahada kutoka chuo kinachotambulika, hayakudai daraja fulani. Yanachokazia ni uraia, kutokuwa na kazi, mwaka wa kuhitimu, ujuzi wa kompyuta, na lile suala la tajriba ambalo nitalirudia. Mwaka wa kuhitimu ndio usiouchezee. Tangazo hutaja mwaka wa zamani zaidi wa kuhitimu wanaoukubali, na wewe umeshatumia miaka miwili tayari. Dirisha lako halijafungwa lakini halitabaki wazi milele. Kwa hivyo ndiyo, tuma tena.

Kwa nini hukusikia lolote mwaka jana? Siwezi kuona fomu yako kutoka hapa, lakini nitakwambia kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko mengine yote: mtu anafungua akaunti kwenye tovuti ya Tume, anajaza jina, masomo, namba ya simu, anaona kila kitu kimekaa vizuri, anafunga. Hajatuma ombi. Amejisajili tu. Akaunti ni kama kusimama mlangoni; ombi ni kubisha hodi. Baada ya kujaza maelezo yako lazima urudi kwenye orodha ya nafasi zilizotangazwa, uchague ile ya uanagenzi, na utume ombi hadi upate uthibitisho kwamba limepokelewa. Uthibitisho huo uchapishe au uupige picha. Ukiwa na kumbukumbu ya uthibitisho wa mwaka jana, basi ulituma. Kama huna, huenda hukuwahi kutuma, na mwaka mzima umekuwa ukihuzunikia jibu la barua ambayo haikufika posta.

Na usijaze kwenye saiba, yaani duka la intaneti, siku ya mwisho saa kumi jioni. Nchi nzima hujaza saa hiyo, mtandao unazama, na yule kijana wa saiba ana watu sita nyuma yako, kwa hivyo anaandika haraka. Nimeona "Takwimu" ikawekwa chini ya uhasibu kwa sababu mwenye kuandika hakutaka kushuka orodha hadi chini. Jaza mwenyewe, kwa simu ikibidi, wiki ya kwanza. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na .go.ke. Tovuti yoyote ya "PSC" isiyoishia hivyo iogope, hata iwe na nembo ya taifa kubwa namna gani. Ukitaka kujua tangazo limetoka bila kutegemea magrupu ya WhatsApp, tazama tovuti ya Tume yenyewe na gazeti la MyGov, lile la matangazo ya serikali linalotoka Jumanne.

Sasa majina, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka mmoja tulipokea kundi la wanagenzi asubuhi ya Jumatatu. Walikuwa wamepanga foleni ukumbini na mafaili yao ya manila, wengine wamevaa suti za kaka zao. Kijana mmoja, shahada nzuri, barua halali mkononi. Kitambulisho kilikuwa na majina matatu. Cheti cha KCSE kilikuwa na mawili. Shahada ilikuwa na matatu, lakini jina la baba limeandikwa kwa herufi moja zaidi, mfano wa Kamau na Kamaau. Kwa mama yake huyo ni mtu mmoja. Kwa masijala, hao ni watu watatu. Afisa hawezi kumpokea mtu ambaye faili yake inasema watu watatu, kwa sababu mkaguzi akija kesho, anayeulizwa ni afisa. Tukamrudisha. Alizunguka siku kumi na moja kati ya chuo, wakili wa viapo na sisi, na ile tarehe ya mwisho ya kuripoti ilikuwa siku ya kumi na nne. Aliingia, lakini alikuwa amekonda.

Usijidanganye kwamba hili ni jambo la zamani. Februari 2024 Tume ilitangaza kwamba watumishi wa umma 2,067 walikutwa na vyeti ghushi baada ya ukaguzi. Tangu hapo kila mwenye kuangalia vyeti anaviangalia mara mbili, na mwenye jina lisilolingana anapita njia ileile na mwenye cheti cha kughushi hadi pale atakapojieleza.

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii, si siku tangazo litakapotoka. Weka kitambulisho, cheti cha KCSE, shahada, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya PIN, ile namba ya ushuru ya KRA (mamlaka ya mapato), mezani, sambamba. Soma jina herufi kwa herufi, kwa sauti, kama mtu anayesoma namba ya tokeni za stima. Ikiwa tofauti ni mpangilio tu wa majina au jina moja limeachwa, hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, kwa kawaida inatosha. Ikiwa tahajia imekosewa kwenye shahada, rudi chuoni warekebishe, maana chuo kina rekodi zako za usajili na kosa huenda ni lao. Ikiwa ulibadilisha jina kabisa, hapo unahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, na hiyo haipatikani kwa siku mbili. Kwenye fomu ya Tume andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Siyo unavyopenda kuitwa, wala ulivyojiita Facebook.

Tuje kwenye zile wiki tatu za kukusanya data.

Usifiche. Lakini pia usijishtaki kwa kosa ambalo hujatenda. Sharti la kutokuwa na tajriba limewekwa ili nafasi zisichukuliwe na watu ambao tayari wameshaanza kazi ya taaluma yao na wanataka tu jina la serikali kwenye wasifu. Halikuwekwa kumwadhibu mhitimu aliyezunguka Mathare na tableti kwa wiki tatu akiuliza watu wana vyoo vingapi. Kwa maoni yangu, kazi ya kibarua ya wiki tatu iliyolipwa kwa siku haikufanyi mtakwimu mwenye tajriba. Mafunzo ya nyanjani uliyofanya ukiwa chuoni ndiyo kabisa, hayo ni sehemu ya masomo. Duka la M-Pesa halihusiani na shahada yako, ingawa naona ucheshi fulani katika mtakwimu anayehesabu floti, ile pesa ya kuendeshea duka.

Hali ingekuwa tofauti kama ungekuwa umefanya kazi miezi minane kwa mkataba, kama msaidizi wa utafiti, ukikatwa NSSF, mchango wa hifadhi ya jamii, kila mwezi. Hiyo ni tajriba, rekodi ipo, na ukiificha ikajulikana unapoteza nafasi na pengine zaidi ya nafasi, kwa kuwa kutoa habari za uongo kwenye ombi la Tume ni kosa kisheria. Wako wanaofanya hivyo na wanapita. Wako pia wanaoitwa ofisini mwezi wa tano na kuambiwa wakusanye vitu vyao.

Kwa hiyo andika kilichotokea, kwa udogo wake. Usiandike "Mtaalamu wa Ukusanyaji na Uchanganuzi wa Data". Andika hivi: "Mkusanyaji data wa muda, wiki tatu, mwezi fulani, mwaka fulani, kuhoji kaya na kuingiza majibu kwenye tableti." Sentensi hiyo haikukwezi wala haikushushi, na ukiulizwa utaijibu bila kutokwa na jasho. Vijana wengi wanadhani fomu ya serikali ni pahali pa kujisifu, kwa sababu wamefundishwa wasifu wa kampuni za Westlands. Fomu ya serikali ni ushahidi. Kila neno litalinganishwa na karatasi siku utakaporipoti, na anayelinganisha hajui wewe ni nani, na wala hataki kujua. Anataka karatasi ifanane na neno.

Kuna mambo mawili ya pesa ambayo wahitimu hawayaoni hadi yawagonge. La kwanza ni KRA. Wengi wenu mlichukua PIN mkiwa mwaka wa kwanza kwa ajili ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mkaisahau. Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato, kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama hana mapato, anawasilisha sufuri. Asipofanya, faini ni 2,000 kwa kila mwaka alioruka. Ingia iTax, tovuti ya KRA, leo uone kama unadaiwa, kabla cheti cha kutimiza ushuru hakijaombwa na mtu. La pili ni HELB yenyewe. Kama ulichukua mkopo, ulipaji unaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na wewe mwaka umeshapita. Ukikaa kimya, wanaongeza faini ya 5,000 kila mwezi. Nenda ofisini kwao Anniversary Towers au kwenye dawati lao Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, waeleze hali yako ya kipato, mkubaliane utalipa vipi. Ukienda mwenyewe wanaongea nawe kama mtu. Ukingoja wakutafute, mazungumzo ni mengine.

Cheti cha tabia njema unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ni 1,050, unachapisha fomu ya C24 na kupeleka alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi, Kiambu Road. Usikimbilie kukilipia kabla hakijahitajika. Vyeti hivi vikikaa sana kuna ofisi zinazotaka kipya, na 1,050 ni nauli ya wiki nzima ya Kayole na tauni.

Neno moja kuhusu kubisha mlango mmoja tu. PSC huweka wanagenzi katika wizara na idara mbalimbali nchini, na unaweza kupelekwa kokote, kwa hivyo usishangae ukipangiwa mbali na Nairobi. Lakini Bunge lina tume yake, Mahakama ina yake, walimu wana TSC, kaunti zina bodi zao za utumishi, na mashirika mengi ya serikali hutangaza nafasi zao wenyewe. Wewe na shahada ya takwimu ungekuwa umeshapita Real Towers kule Upper Hill kutazama matangazo ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, na kwenye tovuti yao kila wiki. Takwimu ni taaluma ambayo kila wizara inaihitaji na wachache wanaijua. Ukiwekwa kitengo cha mipango cha wizara yoyote, utakuwa wewe pekee unayejua kuunda fomula kwenye Excel, na mkuu wa kitengo atakujua kwa jina kufikia Ijumaa.

Swali lako la mwisho, la duka. Uanagenzi wa PSC ni wa mwaka mmoja, na hauahidi kazi mwishoni. Barua yenyewe itakwambia hivyo. Matangazo mengi ya miaka iliyopita yalitaja posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Soma tangazo la mwaka utakaoomba, kwa kuwa posho hufuata bajeti. Serikali haikupi nyumba wala nauli. Ukibaki kwa shangazi, hesabu yako ni nyepesi: nauli kwenda na kurudi, chakula cha mchana kibandani nyuma ya jengo, mchango kidogo wa nyumbani, na kitu kinabaki. Ukipangiwa mji mwingine, kuna kodi na godoro, na hesabu inakuwa nyembamba mno.

Halafu kuna hili ambalo halimo kwenye tangazo lolote: posho ya kwanza mara nyingi haiji mwisho wa mwezi wa kwanza. Majina yanaingizwa, akaunti ya benki inahakikiwa, mtu mmoja aliyekosea namba ya tawi anachelewesha orodha nzima. Nimeona wanagenzi wakikaa miezi miwili wakija kazini kwa nauli ya kukopa, wakicheka kwa nje. Kwa hiyo anza sasa hivi kutenga kidogo kwenye mshahara wa duka, hata 200 kwa siku, hadi uwe na nauli na chakula cha miezi miwili. Usimwambie mwenye duka lolote kwa sababu ya SMS, hata iwe na jina la PSC juu. Ngoja barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, wizara uliyopangiwa na tarehe ya kuripoti, na upige simu kwenye wizara hiyo uthibitishe. Hapo ndipo umpe notisi ya wiki mbili, umfundishe atakayekaa kaunta baada yako, na floti uikabidhi imehesabiwa mbele ya shahidi.